Nilivyokaribia kumpeleka mke wangu Vietnam kuangalia sherehe iliyokwisha

Wakuu, salamu kutoka Malaz, Riyadh.

Haya ninayoandika sijaongeza hata chumvi ya kuonja. Mke wangu ni member humu, nikiteleza mahali atakuja kunisahihisha kabla yenu.

Kwanza mnijue. Kazi yangu ni kuhakiki mizigo ghalani. Nahesabu maboksi yakiingia, nahesabu tena kabla sijasaini. Tabia imenifuata hadi nyumbani: mayai nayahesabu dukani, nikifika jikoni nayahesabu upya. Najua mtakachosema, semeni tu.

Mke wangu, Zuhura, ni nesi Jeddah, anakaa Kandara. Nchi moja, lakini yeye yuko Bahari ya Shamu, mimi niko jangwani, na off zetu hazijuani. Tangu tuoane hatujawahi kupata siku nne mfululizo pamoja ambazo ndani yake hakuna harusi wala msiba.

Mwaka huu tukazipata. Siku nne, na siyo nne na nusu.

Zuhura alikuwa ameona video ya Hoi An, mji wa kale huko Vietnam, uko kando ya mto, nyumba zake za manjano. Kila mwezi mwandamo, tarehe 14, jioni wanazima taa za umeme, watu wanashuka mtoni kuweka taa ndogo za karatasi zenye mshumaa ndani, zinaelea.

Akaniambia, "Mume wangu, mimi sitaki dhahabu. Nataka niweke taa yangu kwenye ule mto."

Wakuu, mwanamke akisema hataki dhahabu, lifanyie kazi neno hilo upesi kabla hajafikiri tena.

Nikashika mipango. Tarehe 14 ya mwezi mwandamo? Kwangu hiyo nyepesi. Nina miaka tisa huku, kalenda ya Kiislamu iko ukutani ghalani, masiku meupe, tarehe 13 hadi 15, nayafunga. Mwezi ni mmoja, mbingu ni moja. Nikahesabu, nikahesabu tena, nikamwambia Zuhura: likizo ianze tarehe 13, ya 14 tuko mtoni.

Akabembeleza wenzake, wakabadilishana zamu, msimamizi akasaini. Mimi nikaenda kwa bosi, akakubali kunitolea kibali cha kutoka na kurudi.

Ikabaki chumba. Nikampata mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Hoi An, tukawa tunachat huku simu inatutafsiria. Akataja bei. Nikamjibu kama ninavyowajibu wauza nguo wa Shumaisi hapa Riyadh: nikashusha theluthi nzima, nikajiandaa kwa vita.

Akajibu: "Sawa."

Nikashusha tena, kumpima tu.

"Sawa. Na kifungua kinywa bure."

Bei ikianguka bila kelele, bidhaa ina tatizo. Nikamuuliza waziwazi, "Mama, mbona rahisi hivi? Kuna kunguni?"

Akatuma vikatuni vya kucheka. "Hakuna kunguni. Sherehe ya taa itakuwa imepita siku mbili. Wageni wameondoka. Wewe unakuja kufanya nini?"

Nikaenda ukutani. Kalenda yangu inasema 14. Akanipigia picha kalenda yake ya ukutani: siku hiyohiyo, 16.

Kumbe wenzetu wanaanza mwezi siku ile unapopotea kabisa angani. Sisi tunangoja uandame, uonekane. Tofauti yake ndiyo hiyo.

Na mimi ni mtu wa Tanga, wakuu! Kila Idd mtaani kwetu ni ugomvi: huyu kauona mwezi, yule hajauona, nyumba hii inakula pilau, ya pili imefunga. Halafu mimi huyohuyo nikaamini Wavietnam wanafuata mwezi wa Riyadh.

Nikampigia Zuhura. Nikamweleza kalenda zote mbili. Akauliza:

"Wewe si ulihesabu mara mbili?"

"Nilihesabu."

"Kwa kalenda ngapi?"

"Moja."

"Basi ulihesabu mara moja, ukarudia kwa sauti."



Tiketi nilikuwa sijanunua, nangoja ishuke. Kwa hiyo ubahili ukatusaidia. Tatizo likawa siku zenyewe.

Asubuhi nikamwendea bosi. "Naomba likizo ianze siku mbili mapema."

"Leish? Kwa nini?"

"Mwezi, bosi."

"Mwezi gani?"

"Wa Vietnam."

Akavua miwani. "Miaka tisa nakulisha, kumbe una mwezi wako mwingine?" Akacheka mpaka mhasibu akachungulia mlangoni. "Yalla, halas. Nenda."

Kwa Zuhura mambo yalikuwa magumu. Msimamizi alisema habadilishi tena ratiba mpaka apatikane mtu wa kushika zamu hizo mbili. Wenzake wote walishambeba mara ya kwanza. Alibaki Wambui, Mkenya, na siku hizo ndizo zilikuwa off zake pekee za wiki.

Zuhura akatuunganisha kwenye simu. "Ongea naye wewe. Mimi nimeomba nimechoka."

"Niaje shemeji," Wambui akaanza. "Hizo shift naweza chukua, hakuna noma. Lakini Idd tunakula kwenu, ward nzima. Pilau. Na si Zuhura apike, ni wewe."

"Shemeji, mimi pilau sijui."

"Utajua."

Mdomo ulishafunguka niseme tufanye chai na maandazi. Halafu nikagundua Zuhura, ambaye hakosi la kusema, hapumui kwenye simu.

Nikasema, "Sawa."

Mshindo niliousikia sijui Zuhura alikuwa ameruka au ameangusha kitu.

Tiketi tunazo, viza zimetoka, tunaondoka wiki ijayo. Nilichojifunza: kuhesabu mara mbili ni bure kama mara zote mbili umejiuliza mwenyewe. Muulize mwenyeji leo kwao ni tarehe ngapi.

Mliofika Hoi An, shusheni uzoefu. Na yeyote aliyewahi kupikia manesi kumi na tisa wenye njaa ya zamu, anipe kipimo cha mchele na maji. Sufuria la majaribio nimelipika jana. Zuhura, ukifika hapa, usiombe picha.