Trekta Dogo la Kupita Kati ya Matuta

Wanaume wa kwetu wakienda kununua trekta hununua la kutazamwa. Nasema hivi nikiwa mwanamke niliyenunua dogo kuliko yote yaliyokuwa uani kwa muuzaji, na sijutii hata kidogo.

Shamba letu liko upande wa Mwazye, wala si kubwa. Juu tunalima mahindi, katikati ni matuta ya mama, na chini kabisa, bondeni, ni majani. Wasiotoka Ufipa niwaeleze: matuta yetu si yale marefu ya viazi. Ni ya duara, tunayaita intumba, na ni kazi ya wanawake. Mvua zikikolea tunakata udongo pamoja na majani yake, tunaupindua, majani yanaozea ndani. Msimu huo tunapanda maharage juu yake. Msimu unaofuata tunayabomoa na kusia ulezi kwenye udongo ulioshiba. Mama amefanya hivyo maisha yake yote, na mbolea ya dukani hajaigusa.

Shida ilikuwa ng'ombe. Kila kiangazi majani ya uwandani hukauka, mengine huungua moto, na ng'ombe wetu wa maziwa hubaki mbavu tupu. Nilikuwa nakata majani kwa mundu na kuyakausha, lakini akiba hiyo haikuwahi kuwafikisha kwenye mvua. Mwaka juzi ndama alinifia mbele ya macho, mama yake kakauka maziwa. Nililia kwa hasira kuliko kwa huzuni. Hapo ndipo nilipoamua kutafuta trekta dogo lenye mashine ya kukatia majani.

Mama hakutaka. Kwake yeye majani ni ya udongo kwanza, ng'ombe wanafuata. Tena alikuwa ameona mashamba ya watu yaliyopitiwa na matrekta makubwa, udongo umeshindiliwa mpaka jembe linadunda. Shamba ni lake, na neno lake alilitoa tukinywa chai.

“Lilete,” alisema. “Likishindilia udongo wangu au likibomoa tuta hata moja, litarudi lilikotoka siku hiyo hiyo.”

Halafu, mvua zilipokolea, akawaita wanawake wenzake wakaongeza matuta kuelekea bondeni, mpaka njia ya kwenda kwenye majani ikabaki ya kupita maksai wawili wa nira. Ukaidi huo ndio nilionyonya kwake. Niliipima njia kwa kamba, nikaitia kamba mkobani, nikapanda basi kwenda Sumbawanga.

Kaka yangu alinisindikiza, na tulipofika tu akapenda trekta moja kubwa jekundu ambalo matairi yake yalinifika kifuani. Nilijua anachokiona: ni yeye mwenyewe akiingia nalo uwanja wa kanisa baada ya misa. Muuzaji, mtu wa mjini ambaye ukoo wao una maduka na malori tangu zamani, alinikaribisha kwa heshima zote, kisha maelezo yote akampa kaka. Nilimwacha amalize. Nikatoa kamba yangu, nikaanza kupima upana kutoka tairi hadi tairi, trekta moja baada ya jingine. Yaliyofaa yalikuwa mawili tu.

Kati ya hayo mawili, moja vipuri vyake vilibidi kusubiriwa kutoka Dar, nikaliacha. La pili niliomba liwashwe nione mtambo wa nyuma ukizungusha mashine ya kukatia. Ulizunguka vizuri. Kisha nikaomba lipitishwe pale wanapooshea magari, penye tope, na lile jekundu lipite kando yake. Nilivua viatu nikakanyaga alama za matairi kwa kisigino. Alama ya kubwa ilikuwa ngumu kama sakafu. Ya dogo bado ilikuwa inabonyea.

“Mama, watu wote wananiuliza nguvu,” muuzaji akasema. “Wewe ni wa kwanza kuniuliza tope.”

Nikamwambia kwamba mimi nina mama nyumbani. Alicheka, na kuanzia hapo maneno yake yote yakaja kwangu. Kaka alinuna njia nzima.

Lilipoteremshwa kwenye lori kijijini watu walilicheka, wakaliita toto la trekta. Nikalifunika turubai, nikasubiri mvua ziishe.

Siku nilipolipanda, wale wanawake walioongeza matuta walikuja kutazama, na mama alikuja na jembe begani. Nilishuka polepole, matuta kulia, matuta kushoto, jasho likinitoka ingawa upepo ulikuwa wa baridi. Halikudondoka bonge hata moja. Bondeni nikateremsha mashine, na majani yakaanza kulala chini kwa mistari, yananukia.

Nilipogeuka nikamwona mama ananifuata nyuma. Alikuwa anachimba kwenye njia ya tairi, anachota udongo kiganjani, anauvunja kwa vidole, anasogea, anachimba tena. Nilizima injini. Akitikisa kichwa tu, trekta linarudi mjini na ng'ombe wangu wanaingia kiangazi kingine na njaa yao. Niliogopa kweli. Hakuwa na haraka. Mwishowe akafuta jembe lake kwenye majani.

“Ukimaliza hapa, kesho liende kwa mama yako mdogo,” alisema. “Majani yake yanazeeka.”

Nikamwambia basi tumuulize kwanza mwenyewe kama anataka.

“Nilimwahidi tangu Jumapili. Nilimwambia mwanangu amechagua vizuri.”

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumapili trekta lilikuwa bado chini ya turubai, halijakata hata jani moja. Niliwasha injini, nikaendelea na kazi, nimejaa fahari mpaka kifua kinauma.