Kinywa cha Kupimia

Mlinzi wa geti la maabara alikuwa na vitu viwili vya kujivunia: mke wake, fundi cherehani, na kinywa chake. Mke alijivunia kimyakimya. Kinywa je? Hakuna aliyepita getini asisikie habari zake.

Habari zenyewe zilikuwa hivi. Ndani ya maabara ile Injinia mmoja, binti mwenye miwani mikubwa, alikuwa akitengeneza mashine ya kugundua saratani ya kinywa mapema, kabla haijauma wala kuonekana kwa macho. Unapanua kinywa, unamulikwa mwanga wa buluu, na picha inatokea kwenye skrini: nyama nzima inang'aa kijani, penye mashaka panakuwa peusi. Ila kila asubuhi, kabla ya wagonjwa, mashine ilibidi ijaribiwe kwanza kwenye kinywa kizima. Injinia akauliza ni nani hajawahi kuvuta sigara maishani mwake. Mlinzi alinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Atakayechaguliwa angepata kiti cha ndani na kikombe cha chai ya maziwa kila siku. Na ile pakiti moja kwa siku, miaka ishirini mfululizo, si alikuwa ameshaiacha zamani? Akaona haihesabiki.

Miezi minane akapanua kinywa, miezi minane skrini ikang'aa kijani. Wakambandika jina la Bwana Kipimo, naye akalipokea kama cheo. Shemeji yake alipoumwa jino, alimtazama kwa huruma ya tajiri.

Jumatatu moja likatokea doa jeusi pembeni mwa ulimi, dogo kama punje ya dengu.

"Mashine imeharibika," akasema Injinia.

"Tena vibaya sana," akasema Mlinzi upesi.

Haikumwingia mtu akilini kwamba kinywa chenyewe ndicho chenye kasoro. Wagonjwa wakaambiwa warudi wiki ijayo. Jumanne wakabadilisha taa. Jumatano wakasugua lenzi, wakalaumu umeme, vumbi, na hata fundi aliyepaka rangi ukutani. Mlinzi mwenyewe aliifokea mashine kama mbuzi aliyeingia jikoni. Alhamisi Injinia akachezea vipimo, akapunguza hapa, akaongeza pale, mpaka doa likafifia na kutoweka. Watu wakapiga makofi, na Mlinzi akapiga kuliko wote.

Jioni akamsimulia mkewe, aliyekuwa akipinda suruali ya mteja. Mke akasimamisha cherehani.

"Kila mteja aliyenenepa huniambia tepu yangu imesinyaa," akasema. "Hao wasomi wako uliwaambia kuhusu sigara?"

"Sigara gani?"

"Baba watoto!"

Mlinzi akaangalia sakafu. "Nikisema, watanitoa kwenye kiti."

"Na mimi nikikuzika, nitakaa kwenye hicho kiti?" Mke alisema kwa hasira, kisha akaiweka suruali kando. "Naogopa, mume wangu. Naogopa kweli."

Ijumaa saa mbili kamili wakaingia wote wawili.

"Mwanangu," mke akamwambia Injinia, "irudishe mashine ilivyokuwa Jumatatu, unimulike mimi kwanza. Huyu atangoja zamu yake, tena kimya."

Injinia akairudisha. Kinywa cha mke kikang'aa kijani, mwanzo hadi mwisho. Cha Mlinzi kilikuwa na doa lake palepale.

"Nilivuta miaka ishirini," akasema Mlinzi. "Nilikudanganya. Nisamehe, mwanangu."

Injinia akavua miwani, akajifuta macho. "Mzee wangu, mimi nilikaa jana nzima nikilifuta doa lako." Akafungua daftari, akakata maneno "mashine mbovu" mara nne, akaandika: mashine nzima.

Hospitali wakachukua kipande kidogo cha ulimi, na majibu yakaja: ilikuwa saratani, lakini changa kabisa, haijaenda popote. Wakaiondoa na kushona nyuzi sita. Mke alizikagua kwa tochi, moja baada ya nyingine, akasema mshono si mbaya. Daktari akaamuru Mlinzi asitamke neno wiki mbili. Waliofanya kazi mle wanasema geti halijawahi kuwa na amani kiasi kile.

Siku aliyorudi kupimwa, alimkuta mkewe amekalia kiti cha ndani, chai ya maziwa mkononi. Sasa kinywa cha kupimia kilikuwa cha mke. Mlinzi akamulikwa. Skrini ikawa kijani, na kovu jembamba tu pembeni.

"Sasa unaruhusiwa kuongea, mzee," akasema Injinia.

Wote wakajiandaa kusikia habari za kinywa. Mlinzi akapanua, akafunga, machozi yakamlengalenga.

"Huyu," akasema hatimaye, akimnyooshea kidole mwenye chai, "ni mke wangu."

Na tangu siku hiyo, hakuna aliyepita getini asisikie habari zake.