Sombe Niliyompelekea Kaka

Baada ya kaka yangu kuuawa nilikaa wiki tatu bila usingizi wa kueleweka, na sababu haikuwa huzuni peke yake. Nilikuwa najiuliza kama alikufa kwa ajili ya sombe niliyompelekea, na kama alipokuwa anakufa alijua hivyo. Mchana nilimsaidia mama kupokea watu wa kilio, nikabeba viti, nikachota maji. Nikilala, swali lilikuwa limeshafika kwenye mkeka kabla yangu.

Mimi nimesoma maendeleo ya vijijini, Goma, hadi nikamaliza. Kazi haikupatikana, nikarudi kwetu Walikale na diploma yangu ndani ya mfuko wa plastiki, kwenye kijiji ambacho maendeleo yake makubwa yalikuwa kujua njia za kukimbilia. Kaka hakusoma sana. Alikuwa mtu wa mitego na shamba, mkimya, anayeweza kukaa nusu siku akichonga mpini wa panga. Askari adui walipoteremka kutoka upande wa Masisi na kuchoma nyumba za vijiji vya juu, akaingia kwenye kundi la vijana wetu walioshika silaha. Hakuaga kwa maneno mengi. Alimwambia mama kwamba nyumba zikiisha huko, zitafuata zetu.

Kila kundi huku kwetu lina mtu wa dawa, wanamwita dokta. Wa kundi la kaka aliwaosha wapiganaji kwa maji na majani ili risasi zisiwapate, na dawa hiyo ilikuja na masharti. Usishike mkono wa mtu ambaye hajaoshwa. Usiibe. Usile sombe. Kwa nini sombe, majani ya muhogo ambayo sote tumekulia, hakuna aliyenieleza. Mpiganaji aliyevunja sharti alipaswa kumwambia dokta, akae pembeni siku kadhaa, aoshwe upya. Akienda vitani kabla ya hapo, walisema, risasi zinamwona, na zinawaona pia walio karibu naye.

Siku moja mama aliamka mapema akatwanga sombe. Aliipika kwa mawese na samaki wa moshi, akaifunga sufuria ndani ya kitenge na kuniambia nimpelekee kaka kambini, mwendo wa nusu siku kupanda mlima. Nilimkumbusha kwamba wale hawali sombe. Akasema nimpe tu, mtoto wake hatakufa njaa kwa ajili ya majani.

Nilifika nikiwa na matope hadi magotini. Nilimkuta kaka amekaa kwenye gogo, na vijana wawili walikuwa wanamsikiliza kama watoto wa shule wanavyomsikiliza mwalimu. Nakiri kwamba jambo hilo liliniuma. Mimi nilikuwa nimesoma miaka yote ile, na hakuna aliyekuwa ananisikiliza namna hiyo. Tukaenda pembeni. Alifungua kitenge, akanusa, akafunga tena.

"Mama njo alipika," alisema. "Rudisha. Unajua siwezi."

Hapo ndipo nilipoanza kumchokoza. Nilimuuliza kama risasi inasimama kwanza kunusa mdomo wa mtu ndiyo iingie. Nikamuuliza kama wale wa upande mwingine nao hawali sombe, maana nao wanakufa. Nilizungumza kama nilivyokuwa nazungumza chuoni, nikimjibu mtu ambaye hajauliza kitu. Kaka akacheka.

"Na weye, ile diploma inakulinda na nini?"

Akafungua kitenge tena, akaomba bukari, ugali wetu, kwa mwenzake bila kumwambia ya nini, akala. Alikula yote. Alifuta sufuria kwa tonge la mwisho, akanirudishia sufuria tupu na kusema nimwambie mama imefika. Niliteremka mlima nikiwa na furaha. Naandika neno hilo kwa sababu ni la kweli: nilidhani nimeshinda mjadala.

Siku ya pili yake askari walikuja.

Yaliyotokea nilielezwa na mwenzake kaka, kijana mfupi aliyekuja kwetu siku ya nne ya kilio na kukaa karibu na mlango kama mtu anayeogopa kufukuzwa. Walikuwa wanane, alisema. Mmoja alikuwa amepigwa kwenye paja, wakambeba kwenye kipoyi cha miti na blanketi. Njia iliteremka hadi kijito chenye daraja la magogo mawili, na kuvusha kipoyi kwenye magogo yenye utelezi ni kazi ya watu wanne na uvumilivu mwingi. Askari walikuwa nyuma yao, sauti zao zilikuwa zinasikika. Mkubwa wa wale wanane alikuwa bado hajaamua kitu wakati kaka alipokaa chini nyuma ya jiwe, juu ya kijito, akaweka bunduki magotini.

"Alituambia, 'Muende. Miye nilishakula sombe,'" alisema yule kijana. "Tulicheka, ndugu. Tulifikiri iko anatania."

Kisha akaongeza kwa sauti ya chini: kaka alimwambia yeye peke yake kwamba akienda nao atawaletea risasi. Walivusha kipoyi. Walikuwa tayari kwenye mianzi ya ng'ambo waliposikia bunduki yake, moja moja, bila haraka. Ilisikika kwa muda ambao ungetosha kupika chai, kisha zikasikika nyingine tu. Watu saba wako hai. Aliyekuwa kwenye kipoyi sasa anatembea na fimbo.

Waliporudi baadaye walimzika hapo hapo kwenye kijito. Hawakupiga risasi hewani kama wanavyowapigia wengine. Yule kijana, kwa kutokujua, alikuwa amemsimulia dokta maneno yote ya kaka, na dokta akawa na maelezo yake: dawa haikushindwa, mtu ndiye aliyevunja sharti. Kufikia wiki ya pili habari ilikuwa imefika hadi mtoni kwa wanaofua nguo. Kaka yangu alikuwa mtu aliyekufa kwa ajili ya tumbo lake. Mama alipita huko akasikia wanawake wawili wakiulizana kama sufuria ilikuwa kubwa ao ndogo. Alirudi na nguo hazijafuliwa.

Nilimuuliza yule kijana kama dokta anajua sombe ilitoka wapi. Alisema hakulitaja jina letu, lakini wanatafuta. Mtu anayempa mpiganaji chakula kilichokatazwa huku anajua, huyo wanamwita mulozi, mchawi. Sikuhitaji anieleze zaidi. Kijiji cha jirani kiliwahi kumfukuza mama mmoja na watoto wake kwa jambo dogo kuliko hilo, na hakuna aliyeuliza walifika wapi.

Basi nililala na hesabu hii. Kama kaka aliamini dawa na hakuwa amekula, angekaa nyuma ya lile jiwe kama mtu aliyekaa chini ya paa zuri wakati wa mvua. Angekuwa hodari, lakini asingekuwa ametoa kitu. Kama hakuamini dawa, sombe ilikuwa chakula tu, na asingeitaja. Lakini aliitaja. Kwa hiyo aliamini, na alijua hana ulinzi, na alikaa. Watu saba walipata daraja kwa sababu mtu mmoja alikubali kuwa mtupu mbele ya bunduki. Kila nilipofika hapo nilifurahi kwa ajili yake, kisha nikakumbuka ni nani aliyemvua. Ili kaka yangu awe shujaa, ilibidi mimi niwe na hatia. Nilijaribu njia nyingine nyingi za kufikiri. Zote zilikuwa nzuri na zote zilikuwa za uongo.

Nilikuwa pia na wazo baya zaidi, kwamba alikula ili tu ninyamaze.

Kiongozi wa kundi alituma ujumbe. Siku ya kumaliza kilio, mimi niliyesoma nisome biografia ya marehemu kama ilivyo desturi, na mwishoni niseme kilichomuua, ili vijana wajifunze kushika masharti. Nilimwambia mama asubuhi, alipokuwa anachagua maharagwe kwenye ungo. Nilimwambia kila kitu: nilivyomcheka kaka, alivyokataa, alivyokula. Nilidhani atalia. Aliendelea kutoa vijiwe.

"Nilijua," alisema. "Nani hapa hajui ile sharti?"

Sikuelewa.

"Akikula, wanamutoa mbele. Anakaa siku saba pembeni, dokta anamuosha. Nilisema siku saba, labda vita itapita. Labda atachoka, atarudi." Akatupa kijiwe nje. "Nilisikia askari wako njiani. Njo maana nilitwanga."

Alikuwa ametuma sombe ili imrudishe nyumbani. Kaka alipaswa kukiri na kuondolewa mbele, apewe siku zake saba. Hakukiri. Sijui kama ni aibu, ao ni kwamba walikuwa wachache na habari za askari zilikuwa zimeshafika kambini. Huenda aliijua hila ya mama tangu aliponusa sufuria. Alikula mapenzi yote ya mama na kubaki alipokuwa, bila dawa na bila kurudi.

Mama akasema nisome ukweli. Hakutaka mtoto wake azikwe kwa jina la mlafi. Na wakiuliza ni nani aliyepika, atasimama mwenyewe, ameishi vya kutosha. Nilimwambia hapana. Akasema hakuniomba ruhusa.

Leo mama anaishi mbali na pale, karibu na ziwa, na ndiye aliyeniambia niyaandike haya.

Siku ya kumaliza kilio watu walijaa uani. Dokta alikaa mbele, mtu mnyenyekevu mwenye koti la mvua, ambaye ningependa kusema alikuwa mkatili lakini hakuwa. Kiongozi alikaa kando yake. Nilisoma alipozaliwa kaka, mitego yake, shamba lake. Kisha nikasoma kwamba alikula sombe mkononi mwangu, nikiwa nimemcheka kwa kushika sharti. Kwamba alijua dawa imeondoka, kwamba aliwaambia wenzake wazi kabla ya kubaki, na walicheka. Kwamba alibaki hivyo hivyo hadi kipoyi kikavuka. Nikasoma kwamba wako watu saba, na baadhi yao wamekaa hapa, wanaoweza kusema kama naongopa. Aliyekuwa na fimbo aliinamisha kichwa.

Dokta aliuliza kwa upole. "Ile sombe, mutoto yangu, nani alipika?"

Upande wa wanawake nilimwona mama akiweka mkono kwenye goti la jirani yake ili ajisukume kusimama. Mimi ambaye huhitaji siku tatu kuchagua shati, sikufikiri chochote.

"Ni mimi," nilisema. "Goma nilikuwa najipikia mwenyewe. Nilitwanga, nikapika, nikapeleka. Mama hakujua."

Mtu mmoja nyuma alicheka, mwanaume gani anatwanga sombe. Niligeuka upande wake nikaanza kueleza, kwa sauti ya kusikika na bila kuruka kitu, jinsi inavyotwangwa na inavyochemshwa, na wakati gani unaweka mawese, hadi mama akakaa tena chini.