Godoro la Jemadari na Shemeji

Jirani yangu wa kibanda hushona magodoro. Sokoni tunamwita Mama Sponji. Alianza na vipande vya sponji vilivyotupwa nyuma ya kiwanda, akaviunga kwa gundi, akavivika kitambaa, akauza. Leo ana cherehani mbili na vidole vigumu kama koleo. Kila kava, kabla ya kuivisha sponji, hulichovya kwenye maji ya dawa ya wadudu. Ndiyo sifa yake mjini kote: kwake hununui kunguni.

Ana mbwa, Jemadari, na paka aitwaye Shemeji, kwa sababu huja, hula, hulala, wala hachangii kitu. Wawili hao walikuwa wakilala kwenye godoro moja mbele ya kibanda. Watu wakawa wanasimama kuwashangaa. Mimi nauza mapazia ya mitumba, na mtu akisimama namwona kama nusu mteja. Nikamwambia, "Jirani, shona mengine ya hivyo, ya wanyama, uuze." Akashona, yakatoka. Wazo lilikuwa langu, sikatai.

Juzi Jemadari alishambuliwa na viroboto. Mama Sponji akanunua chupa kubwa ya dawa ya mbwa, akampaka. Iliyobaki akaimimina kwenye beseni la kuchovyea makava. Dawa ni dawa, mkono umeshazoea.

Jana mchana nilisikia yowe.

"Jirani! Njoo! Shemeji anakufa!"

"Kala nini?"

"Hajala kitu! Tangu asubuhi kalala tu!"

Nilimkuta paka ubavuni, povu mdomoni, masikio yakirukaruka, miguu ikipiga kama mtu anayeendesha baiskeli. Jemadari kakaa pembeni, mzima wa afya, anatutazama.

Tulimtia paka kwenye karai, tukakimbia hadi kwa daktari wa mifugo, mitaa miwili kutoka pale. Daktari akamnusa mgongo.

"Mmempaka nini?"

"Hatujampaka kitu," alisema Mama Sponji. "Dawa nimempaka mbwa."

"Mbwa analala wapi?"



"Na huyu," alijibu Mama Sponji kwa sauti ndogo. "Godoro moja. Na kava nimelichovya."

"Basi umempaka, mama. Mbwa anaimudu dawa hii. Kwa paka ni sumu."

"Daktari, chupa ina picha ya mnyama anacheka!"

"Anayecheka ni mbwa."

Akamdunga sindano ya kutuliza mitetemo, akaanza kumwosha kwa sabuni ya vyombo na maji vuguvugu. Mama Sponji alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mara uso ukamshuka.

"Mwalimu," alisema.

"Mwalimu gani?"

"Yule mstaafu aliyenunua godoro asubuhi! Aliniuliza kama paka wake anaweza kulala na mbwa. Nikamwambia, tazama wangu!"

Kumbe kava la mwalimu lilitoka kwenye beseni lilelile. Mimi ndiye niliyelifunga kwa kamba, tena nikisifia harufu: "Sikia usafi huo, mwalimu!"

Tulimwacha Shemeji kwa daktari, tukatimka hadi kwa mwalimu. Sijakimbia hivyo tangu ujana wangu. Mwalimu alitufungulia geti akiwa na kikombe mkononi.

"Mwalimu, tunaliomba lile godoro," nilisema nikihema.

"Kilichouzwa hakirudi. Si wewe uliyeniambia?"

"Nitakupa pazia zuri, la madirisha mawili..."

"Sina shida ya mapazia, bwana."

Wakati mimi napatana, Mama Sponji alishapita katikati yetu. Barazani mbwa alikuwa amejinyoosha kwenye godoro jipya, na karibu na tumbo lake paka mweupe amejikunja, sikio moja linacheza. Alimnyanyua kwa ngozi ya shingo, akampeleka moja kwa moja bombani.

"We mama! Unamwogesha paka wangu kwa ruhusa ya nani?"

"Lete sabuni ya vyombo!"

"Una wazimu?"

"Mwalimu, lete sabuni!" nilipaza sauti. "Godoro lina sumu!"

Kikombe kilimponyoka kikavunjika. Lakini sabuni aliileta, mbio, na kandambili moja mguuni. Paka alipiga makucha, akamchana Mama Sponji kuanzia kiwiko hadi kiganja. Hakumwachia. Mimi nilimfukuza mbwa, nikalichana kava kwa kisu changu cha kukatia kamba.

Simu ya Mama Sponji ikalia mfukoni mwa gauni lake. Mikono yake ilikuwa povu na damu, nikaipokea mimi. Alikuwa daktari.

"Nini?" aliuliza Mama Sponji bila kugeuka. "Kafa?"

"Mitetemo imetulia. Anapumua vizuri. Anasema atapona."

Alifumba macho kidogo, akayafumbua.

"Usikate. Muulize, paka huyu tumwoshe mara ngapi."