Rozari Mkono Huu, Jiwe Mkono Ule

Miaka ile soko huria lilipoingia, kila mwenye lori alijigeuza kuwa mwenye basi. Nilipanda moja Mbamba Bay kwenda Mbinga, juu ya magunia ya usipa, dagaa wa huku kwetu. Jirani yangu alikuwa bibi mmoja wa mwambao wa ziwa. Mkono mmoja ulishika rozari, mwingine ulikumbatia jiwe kubwa alilolipakata mapajani kama mjukuu.

"Shikamoo, bibi. Hilo jiwe la nini?"

"Marahaba. La mlimani."

Jamaa mmoja aliyekaa nyuma kabisa akacheka. "Bibi, si unasali? Kumbe humwamini Mungu?"

"Mungu namwamini. Gari ndiyo siijui."

Katikati ya mlima, penye utelezi, lori likazimika. Breki zikagoma, tukaanza kurudi nyuma taratibu, na nyuma yetu palikuwa na korongo. Kila mtu aliita mtakatifu wake. Bibi hakukatisha sala. Alimkabidhi jiwe yule aliyemcheka, akamwonyesha tairi kwa kidevu. Jamaa akaruka chini, akalitega. Lori likatulia.

Dereva akateremka akijifuta jasho. "Mungu mkubwa!"

"Mkubwa sana, baba," bibi akaitikia. "Ila gari ikiwaka, nirudishieni jiwe langu. Mlima haujaisha."

Siku hizi mtu akiniambia anamtegemea Mungu, namwitikia amina, kisha namtazama mapajani.