Dada Alijaza Fomu ya Tabia Yangu

Mwaka jana karatasi ya kurasa nne iliniambia kwamba mimi ni mtu hatari.

Si polisi. Si mahakama. Karatasi tu, ina mistari na namba, na muhuri wa kampuni juu.

Na kibaya zaidi, niliiamini.

Sogeeni karibu niwasimulie. Yaliyonikuta simwombei hata adui yangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tano, kazi yangu ni kwenye ujenzi wa maghorofa. Kwa miaka tisa nilikuwa nasimama chini na redio ya mkononi, namwongoza dereva wa kreni. Yeye yuko juu mita sitini, haoni kila kona. Macho yake ni mimi.

"Shusha. Polepole. Simama. Kulia kidogo."

Ukikosea neno moja tu, tani mbili za nondo zinamwangukia mtoto wa mtu.

Saiti waliniita Barafu. Fundi anitukane, mvua initwange, zege lichelewe, sauti yangu ni ile ile. Sipandi, sishuki.

Nyumbani kwetu waliniita Kiberiti.

Jina hilo alinipa dada yangu. Dada kanipita miaka kumi na moja. Ndiye aliyenibeba mgongoni, akanifundisha kusoma, akanisuka nywele mpaka nikaolewa. Nilimpenda kama mama wa pili. Lakini alikuwa na wimbo wake mmoja, kila wageni wakija lazima auimbe.

"Huyu mnayemwona mpole hivi, kachukua hasira za baba nzima nzima. Alimsukuma mama kwenye ngazi, akavunjika nyonga. Ana miaka mitano tu!"

Wageni wanashika midomo. Mama, ambaye anachechemea mpaka leo, anaangalia pembeni.

Mimi sikumbuki chochote cha siku hiyo. Lakini nilikua nikijua. Nimemlemaza mama yangu. Nina kitu ndani.

Basi nikaishi kama mtu anayefuga mbwa mkali. Shuleni nikichokozwa, naingiza mikono mifukoni. Nilipoolewa, mume wangu akinikera natoka nje, nazunguka nyumba mara tatu ndipo nirudi. Wanangu sijawahi kuwapiga hata kofi. Watu wanasema, "Mama mpole huyo." Hawakujua nawalinda dhidi yangu mwenyewe.

Sasa. Kampuni ikatangaza nafasi mbili za kusomea udereva wa kreni.

Jamani, hiyo ndiyo ilikuwa ndoto yangu. Miaka tisa shingo inauma kwa kutazama juu!

Nikaomba. Mtihani wa darasani, nikapita. Macho, nikapita. Wakanipandisha juu kuona kama nina kizunguzungu, nikapita. Ikabaki kitu kimoja. Kipimo cha tabia.

"Kule juu uko peke yako kwa saa nane mfululizo," msimamizi wetu akanieleza. "Mkono unaujua, tumeuona. Wanataka kujua mtu mwenyewe ndani yukoje."

Kipimo chenyewe ni sentensi mia na ishirini. Unasoma, unajipa namba. Moja, si mimi kabisa. Tano, ni mimi hasa. "Napenda kumaliza nilichokianza." "Nikiudhiwa huchukua muda kutulia." Wajanja hao! Wanakuuliza kitu kile kile mara nne kwa maneno tofauti, waone kama utajichanganya.

Halafu hawaishii kwako. Unachagua watu watatu wanaokujua vizuri, nao wanajaza fomu kuhusu wewe. Kila mmoja anafunga bahasha yake. Wewe huoni.

Nikamchagua msimamizi. Nikamchagua mume wangu. Wa tatu sikuwaza hata mara mbili.

Fomu ya dada nilimpelekea mwenyewe dukani kwake, anashona mapazia. Alizima cherehani, akavaa miwani, akaipitia.

"Niachie mimi, mdogo wangu," akasema. "Nitakujazia mpaka wajilaumu kukuchelewesha."

Akanikumbatia. Nikatoka nikicheka peke yangu barabarani kama kichaa.

Wiki tatu baadaye nikaitwa ofisini.

Mtaalamu wa vipimo alikuwa mama wa makamo, sauti ya taratibu. Akanisogezea karatasi zile nne. Neno la kwanza nililoliona ni "hatari kwa usalama wa wengine." Nikainuka kitini.

"Tulia kwanza," akasema. "Mimi mwenyewe sijaielewa, ndiyo maana nimekuita. Tazama hapa. Mstari huu ni wewe ulivyojieleza. Huu ni shahidi mmoja. Huu ni wa pili."

Mistari mitatu inapanda pamoja, inashuka pamoja. Kama watoto walioshikana mikono.

"Na huu ni wa shahidi wa tatu."

Mstari wa nne ulikuwa umekwenda njia yake. Kwenye hasira, tano tupu. Kwenye utulivu, moja, moja, moja.

"Ama mtu huyu hakujui," yule mama akasema, "ama umewadanganya wengine wote kwa miaka. Na kampuni haiwezi kukupandisha kreni bila kujua ni lipi."

"Ni nani?"

"Jina siruhusiwi. Ila kuna sehemu ya kutoa mfano wa tukio. Una haki ya kusikia mfano ili ujitetee."

Akaanza kusoma. "Akiwa na miaka mitano alimsukuma kwa makusudi mama yetu..."

Akanyamaza. Akatazama lile neno. *Mama yetu.* Akajua amekwisha kutaja jina.

Nikaishiwa pozi. Dada? Dada aliyenikumbatia?

Lakini niseme ukweli. Sikukasirika. Niliona aibu. Nikajisemea, dada kasema kweli, mimi ndiye nilikuwa nawaficha watu.

"Ni kweli," nikamwambia yule mama. "Nilifanya. Nina hasira za baba yangu."

Akavua miwani. "Unalikumbuka tukio?"

"Hapana."

"Umelijuaje?"

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

Nikautazama ule mstari wa nne.

"Sikiliza, binti," akasema. "Tabia nyingine mtu anazaliwa na mwelekeo wake, silikatai hilo. Watoto wa tumbo moja, mmoja mwoga, mwingine jasiri, tangu hawajatembea. Lakini hasira ya mtu mmoja hairithiwi kama shati, ukaivaa ilivyo. Kuna malezi, kuna mambo ya maisha, kuna na yale mtoto anayoambiwa kila siku kuhusu yeye mwenyewe. Sasa nieleze kitu kimoja. Mtoto wa miaka mitano, anayemfika mtu mzima kiunoni, alimsukumaje mpaka akaporomoka ngazi?"

Miaka thelathini! Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Mimi mwenyewe, ninayejua uzito wa kila kitu kinachoinuliwa saiti, sijawahi kujiuliza.

Sikurudi kazini. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama.

Nilimkuta kakaa kitandani anakunja nguo zilizokauka. Sikumsalimia hata vizuri, Mungu anisamehe.

"Mama, siku ile kwenye ngazi. Nani alikusukuma?"

Alikuwa na shuka mkononi. Akalikunja. Akalikunja tena. Likawa dogo kama leso.

"Nani kakwambia?"

Mmesikia? Hakusema "ni wewe." Aliuliza nani kaniambia.

Nikakaa chini sakafuni.

Mama akazungumza huku akitazama lile shuka. Dada alikuwa na miaka kumi na sita. Alitaka kutoka, mama akamkatalia. Wakabishana mlangoni, pale juu ya ngazi, na dada akamsukuma kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa chini uani, nacheza na vifuniko vya chupa.

"Baba yenu unajua alivyokuwa," mama akasema. "Angemuua. Nikamwambia ulikuwa unakimbia ukanigonga. Nani atampiga mtoto mdogo kwa kukimbia? Ilikuwa ya siku ile tu, mwanangu."

"Siku ile ina miaka thelathini, mama."

"Nilidhani utasahau."

"Ningesahau! Ni ninyi mlionikumbusha!"

"Mimi sijawahi kusema ulinisukuma," akasema haraka. "Ya kusukuma ni ya dada yako. Mimi nilisema ulinigonga."

Kumbe hata uongo una watu wanaougombania mipaka.

Dukani kwa dada nilifika jua likiwa bado kali. Kulikuwa na mteja anachagua kitambaa. Dada kuniona usoni tu, akajua. Akamwambia mteja arudi kesho.

"Mama kakwambia," akasema.

"Fomu imeniambia."

Akakaa. Akashika mkasi, akauweka chini. "Waliuliza mfano. Ulitaka niandike nini? Niandike langu?"

"Ungeacha wazi, dada! Hata kuacha wazi kumekushinda?"

Akazikusanya pini zilizotawanyika mezani. Halafu akasema maneno ambayo nikiyakumbuka mwili unasisimka.

"Ukipewa cheti kwamba wewe ni mtulivu, watu watauliza ile hasira ilikuwa ya nani. Nimeisimulia mara nyingi sana, mdogo wangu. Siku nyingine naiona kabisa, vimikono vyako mgongoni mwa mama. Halafu nakumbuka."

Hapo ndipo nilipokasirika.

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuingiza mikono mifukoni. Nililia, nilipiga kelele, nilimtajia kila mwaka niliojiogopa. Nilimwambia kuhusu wanangu, jinsi nilivyokuwa nawabeba wakiwa wachanga nikijitilia shaka na mikono yangu mwenyewe. Watu walisimama mlangoni. Nilipiga meza yake ya kukatia mpaka pini zikaruka.

Nilikasirika mpaka nikafika mwisho wa hasira. Na hakuna aliyeanguka.

Nikajifuta uso, nikatoka.

Jioni nikamsimulia mume wangu kila kitu, pamoja na habari ya kuzunguka nyumba. Akanikodolea macho.

"Mimi miaka yote nilijua unafanya mazoezi," akasema.

Tukacheka mpaka machozi yakanirudia upya.

Mngedhani hadithi imeishia hapo. Hapana. Kubwa lilikuwa bado.

Nilirudi kwa yule mtaalamu, nikamweleza. Akasema kanuni inaruhusu kubadilisha shahidi mmoja kabla ya Ijumaa, ila lazima awe mtu wa nyumbani aliyekufahamu utotoni, na aeleze kwa maandishi kwamba lile tukio halikuwa langu.

Mtu huyo ni mmoja tu duniani.

Nikampelekea mama fomu mpya. Nikamwekea na kalamu. Nikamwambia sitaki amseme dada vibaya. Aandike mstari mmoja tu. *Si yeye aliyenisukuma.* Basi.

Mama akaishika kalamu. Akaisoma ile karatasi mpaka mwisho.

Kisha akanirudishia karatasi.

"Huyo naye mwanangu," akasema. "Nikiandika si wewe, watauliza ni nani. Wewe umezoea. Wewe una moyo mgumu, utastahimili."

Wewe umezoea.

Ndugu zangu, dada alinichoma kisu kwa siri, kwenye bahasha. Mama alinichoma nikimtazama, akiwa na kalamu mkononi, na sauti ya upole kabisa. Hapo nikaelewa kwamba ile siku ya ngazi haikuwa bahati mbaya wala woga wa baba peke yake. Kulikuwa na watoto wawili, na alichagua. Na baba keshakufa miaka kumi na mbili, hakuna tena wa kuogopwa, na bado amechagua vile vile.

Ijumaa ikapita. Nafasi mbili wakapewa wengine.

Sikufukuzwa. Niliendelea kusimama chini na redio, ila saiti nzima ilijua kuna kitu kwenye karatasi yangu. Wapo walioanza kunikwepa. Mwingine akiniona nakuja anawatania wenzake, "Pisheni, pisheni." Nilijikaza kisabuni.

Baada ya miezi minane wakafungua nafasi nyingine moja. Safari hii nilisema wazi kwamba sina ndugu wa kunishuhudia. Yule mtaalamu akaipigania hoja yangu kwa wakubwa, kwamba habari ya kuambiwa si kipimo. Wakakubali shahidi wa kazini. Nikamwomba dereva wa kreni, mzee aliyesikiliza sauti yangu sikioni kwake kwa miaka tisa.

Matokeo yalipotoka, yule mama akatabasamu kidogo.

"Mara ya kwanza ulijipa moja kila penye hasira," akasema. "Ilikuwa safi mno, binadamu hayuko hivyo. Sasa umejipa tatu. Hii naiamini."

Leo napanda kreni. Nina mwezi wa nne.

Mama huwa nampigia kila Jumapili, namuuliza nyonga inaendeleaje, dawa kanywa au la. Nampenda, sitawadanganya. Lakini kuna chumba moyoni mwangu alichokuwa na ufunguo wake, na nimebadilisha kitasa. Dada aliniandikia ujumbe mmoja, "Nisamehe." Sijamjibu. Nikiwa tayari nitamjibu, na nisipokuwa tayari pia ni sawa.

Somo langu kwenu ni fupi. Kila ukoo una mtu aliyepachikwa jina: huyu mkali, huyu mvivu, huyu kafanana na fulani. Kama mwenye jina hilo ni wewe, usikimbilie kuamini kwamba ni damu. Muulize anayekwambia, siku ya tukio yeye alikuwa amesimama wapi.