Uulkan Avishwa Joho

Ukitaka kumfunga mtu, usihangaike na kamba. Msifu mbele za watu, basi. Uulkan ndiye aliyeanzisha kituo cha watoto wasiotembea, kijijini kwao, mkoa wa Naryn, katika nyumba ya zamani ya kuogea. Tangu hapo hajapumzika. Kuomba misaada yeye, kuchochea jiko yeye, kubeba watoto yeye, mpaka mgongo ukamwambia sasa basi.

Alikuwa amechoka, tena amechoka hasa. Na huko mjini Osh, binti yake, ambaye mimba mbili zilikwishamharibikia, alikuwa mjamzito tena na alimtaka mama yake. Uulkan akaamua kwenda, kituo amwachie mwalimu Jyldyz. Alimwambia Jyldyz peke yake, wakati wa vuli, kwa siri.

Ila mfuko wa mkoa ulitaka kutoa ruzuku ya miaka mitatu kwa sharti moja, kwamba mwanzilishi abaki. Bwana Taalai wa mfuko akaja mwenyewe kuhakikisha. Uulkan alijiandaa kumwambia ukweli: mimi naondoka, Jyldyz anaweza, mjaribuni.

Akakuta chumba kimejaa akina mama, watoto mapajani, chai inafuka.

"Eje," akasema Taalai, yaani dada mkubwa, kwa heshima, "swali langu ni moja tu. Utakuwepo?"

Uulkan akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, kitu kizito kikatua mabegani mwake. Lahaula! Joho la mahameli, limetariziwa kuanzia shingoni mpaka miguuni. Makofi yakarindima. Na kwao, aliyevishwa joho halivui mbele ya waliomvisha, wala hawakatalii wanachotaka. Afadhali awatemee mate.

"Limekukaa, eje! Bibi harusi kabisa!" mama mmoja akapaza sauti.

"Bibi harusi wa kutekwa," Uulkan akajibu. Wakacheka mpaka machozi. Masikini, hakuwa akitania.

Akaipapasa ile tarizi. Haikuwa kazi ya wiki moja. Ilikuwa kazi ya majira mazima ya baridi. Akamgeukia Jyldyz, na Jyldyz akainamisha macho.

"Uliwaambia."

"Niliwaambia, eje. Ningefanyaje? Ukiondoka, ruzuku hakuna, na hawa watoto watarudi kulala majumbani wakitazama dari. Usinichukie."

"Nakuchukia," Uulkan akanong'ona, huku akitabasamu ili apigwe picha. "Wallahi nakuchukia."

Taalai alikuwa bado anangoja. Mtoto mmoja alikuwa ameshika pindo la joho, anachezea nyuzi. Uulkan akajikaza kisabuni.

"Nitakuwepo," akasema.

Walipokuwa wanakula, simu ikaita. Akatoka nje kuipokea.

"Mama, unakuja lini? Daktari kaniambia nisiinuke kitandani."

"Mwanangu," akasema, "wamenivisha joho."

Binti alizaliwa katika kijiji hichohicho, hakuhitaji kuelezwa.

"Haya, mama," akasema. "Nitamwomba mama mkwe." Akakata simu.